Boti ya Sufuria

Niwataje kwanza waliokuwepo, ili msomaji ajue nazungumzia watu gani. Alikuwepo mume wangu, mwenye boti. Alikuwepo mdogo wake wa kike, yaani wifi yangu, aliyepanda kutoka ziwani kuja kunisaidia kumuuguza kaka yake. Alikuwepo mwanangu wa mwisho, dereva wa fuso, anayebeba mahindi na maharage ya huku Ufipa kupeleka anakotumwa. Alikuwepo jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, fundi wa sufuria, Msukuma ambaye baba yake alihamia Ilemba na ng'ombe. Ng'ombe wakaisha, yeye akapanda mjini akajifunza kuyeyusha vyuma chakavu. Na mimi nilikuwepo. Wengine walisimama getini, wakasalimia, wakacheka, wakaenda zao. Hao siwahesabu.

Majina yao ninayo yote. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo vitu vyangu naviweka kichwani, na humo havijawahi kupotea. Hata mbuzi waliokuwa wakilala chini ya ile boti nawakumbuka kwa majina. Lakini wifi yangu ameniomba jina la kaka yake nisiliandike mpaka apatikane mtoto wa kulirithi, maana kwao ndivyo wanavyofanya. Nikaona nikilificha moja niyafiche yote, asije mtu akasema nimembagua.

Boti yenyewe ilikuwa ya alumini, ya zamani, ndefu kiasi cha kulaza watu watatu wakifuatana. Ilikuja Kirando, kule ziwani, na mzungu mmoja wa mambo ya samaki. Alipoondoka akamwachia mume wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akimwendeshea. Mwalo mzima wa wavuvi hakukuwa na nyingine kama hiyo. Wenzake walikuwa na mitumbwi ya mbao, yeye ana kitu kinachong'aa juani mpaka unaziba macho. Wakaiita boti ya sufuria, na jina likaganda.

Ndiyo iliyonichukua siku ya kuolewa. Mimi ni mtoto wa huku juu, nimekulia kwenye ulezi na baridi, na ziwa nililiona siku hiyo kwa mara ya kwanza. Kijijini kwao hakuna barabara. Unafika Kirando, unaingia majini, unafuata milima mpaka ufike. Nilitapika tangu tulipoondoka. Lakini kilichonitisha zaidi ni sauti. Mtumbwi wa mbao maji yakiupiga unaguna tu, ile boti ilikuwa inalia. Kila wimbi, ba! ba! chini ya nyayo zangu, kama mtu yuko huko chini anagonga afunguliwe. Nikamshika mkono nikamwambia, "Inapasuka hii."

Akacheka. "Ikipiga kelele ujue inaelea," akasema. "Ikinyamaza ndiyo uogope."

Wifi yangu, wakati huo msichana, alinipokea majini, akaingia mpaka kiunoni kunishusha nisilowe. Kesho yake alfajiri tukakaa wawili kwenye mchanga kusugua sufuria. Kwao hiyo ndiyo heshima ya mwali: sufuria zake zianikwe juani ziwachome macho wapita njia. Yeye alisugua za kwangu na za mama yake, kwa mchanga na majivu ya kuni, huku ananicheka mikono yangu ya kishamba. Mpaka uzeeni sijaona wa kumshinda kwa hilo.

Baadaye mume wangu akapata kazi mjini, tukapanda Sumbawanga, na boti ikapanda nayo juu ya lori katikati ya magunia ya dagaa. Watu wa Izia, mtaa wetu, walicheka wiki nzima. "Mzee, ziwa umelifunga kwenye gunia lipi?" Akaifunika juu ya mawe pembeni ya ua, mdomo chini, akasema ni ya muda. Mbuzi wakaingia chini yake siku ya mvua ya kwanza, na hawakutoka tena. Watoto wetu wote walikua wakiipiga kama ngoma. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wakipita na mizani zao, wanaichungulia, wanabisha hodi. Aliwafukuza wote.

Mwaka jana, mvua zilipokatika, tumbo lake likaanza kuvimba. Miguu ikakonda, mikono ikakonda, tumbo likawa la mwanamke wa kujifungua kesho. Hospitali wakamtoboa, wakatoa maji, akarudi nyumbani mwepesi. Baada ya muda mfupi yakajaa tena. Daktari alimwita mwanangu pembeni akamwambia ni ini, na kwamba hakuna dawa ya kulirudisha. Mwanangu akaniambia mimi jikoni, amegeukia ukutani. Tulikuwa bado tunajadiliana tumwambieje mgonjwa, mgonjwa mwenyewe akaita kutoka uani.

"Njooni mtoe hawa mbuzi. Nataka kuipindua boti."

Mwanangu akasema, "Baba, kuna baridi, rudi ndani. Boti ya nini sasa?"

"Ya kunipeleka nyumbani."

Hapo lazima nieleze, maana asiye wa kule hataelewa alichokuwa anaomba. Kijijini kwao, mtumbwi uliobeba maiti haushuki tena kuvua mpaka mwezi mpya uonekane. Unavutwa juu ya mchanga, unaoshwa, unaachwa. Mwenye mtumbwi anakaa anawatazama wenzake wakipeleka dagaa chanjani kukauka. Kwa hiyo watu hukataa, kwa adabu lakini hukataa. Na mume wangu naye alipokuwa kijana alikataa. Mama mmoja alifia Kirando kwenye uzazi, ndugu zake wakamwendea wakamwomba ile boti, wakati dagaa walikuwa wengi sana. Akawaambia injini mbovu. Wakambeba yule mama kwenye machela kwa njia ya milimani, na walipofika maiti ilikuwa imeharibika, si ya kuonyeshwa mama yake. Alinisimulia hayo mwaka wa kwanza wa ndoa, na hakuyarudia tena mpaka siku ile uani.

"Mimi nilikataa," alisema. "Nikifa huku juu nani atanibeba? Nikiwa na boti yangu simwombi mtu. Nikiwahi nitakwenda nimekaa nyuma nashika usukani. Nikichelewa mtanilaza. Lakini iwe yangu."

"Na injini?" mwanangu akauliza.

"Injini tutaazima. Injini haimgusi maiti."

Basi tukaipindua. Mwanangu alishika mbele, fundi akashika nyuma, mimi na wifi tukasukuma ubavuni. Ilikuwa imejaa mavi ya mbuzi yaliyokauka kama saruji, na nyigu walikuwa wamejenga chini ya benchi la nyuma. Rangi ya kijani aliyoipaka mume wangu tulipohamia mjini ilibaki vipande vipande. Ndani, kwenye mbavu zake, mafuta ya injini ya miaka yote yale yalikuwa yameganda na vumbi, meusi, mazito. Fundi akaigonga kwa vidole, huku na huku, akasikiliza.

"Mtani," akamwambia mume wangu, "watu wa Sumbawanga tunasikia mnasafiri kwa ungo. Wewe unahangaika na boti?"

"Mimi mtu wa ziwani, ungo nimeuacha kwa mke wangu," mume wangu akajibu. "Muulize kama atakuazima uende kwa ng'ombe wenu."

"Ng'ombe waliisha, mzee."

"Basi kaa hapa ufanye kazi."

Kila mtu alicheka, hata mgonjwa, akashika tumbo lake kwa mikono miwili kama anazuia lisimwagike.

Boti ya alumini haizibwi kwa pamba na mafuta kama ya mbao. Imeshonwa kwa ribiti, misumari mifupi isiyo na ncha, iliyopondwa pande zote mbili; zikilegea, maji yanapenya. Namna ya kuzitafuta ni kuipandisha juu ya matofali na kuijaza maji ndani, halafu unainama nje unatazama panapodondoka. Tulisubiri zamu yetu ya bomba, tukajaza ndoo kwa ndoo. Mume wangu akazunguka na kigoda chake na kipande cha mkaa, amejifunga blanketi, kila tone analiwekea alama.

"Angalia mambo haya," akaniambia. "Yenyewe inatoa maji nje, mimi naingiza ndani. Tungebadilishana tungepona wote wawili."

Kukaza ribiti ni kazi ya watu wawili. Mmoja yuko ndani, anakandamiza chuma kizito dhidi ya kichwa cha ribiti. Mwingine yuko nje anagonga mkia wake. Msipokwenda pamoja unapinda. Sisi chuma chetu kilikuwa kipande cha ekseli ya gari alichotupatia fundi. Mimi nilikaa ndani ya boti nimekumbatia ekseli, mume wangu nje na nyundo. Hatukuonana. Bati lilikuwa katikati yetu. Nilikuwa nasikia pumzi yake, halafu nyundo, halafu pumzi. Ribiti iliyolegea inasema kacha-kacha, iliyokaa inasema ti, kavu. Akisikia ti ananiambia, "Sogea." Mahali pasipo na ribiti kabisa fundi alitukatia mpya kutoka kwenye waya nene za alumini.

Mwanzoni nyundo ilikuwa yake. Baadaye nguvu zikamwishia, akagonga bati badala ya ribiti, bati likabonyea. Kisha akainua nyundo juu ya ukingo wa boti, nami nikaipokea, nikampa ekseli. Tukabadilishana nafasi. Wifi na mwanangu wakamwinua wakamweka ndani kwenye gunia la pumba, akakiegemeza kile chuma tumboni, hapo penye uvimbe, akasema angalau tumbo limepata kazi. Nikagonga mimi. Mikono yangu imezoea kupura maharage, haikunisumbua. Alinifundisha kwa sauti kutoka ndani: taratibu, tena, usikimbilie, sogea.

Ziliingia siku tulizofanya kazi nyingi na siku ambazo hatukufanya lolote. Baridi ya Juni unaijua wewe uliyekaa Sumbawanga. Upepo unapita uani kama unatafuta mtu. Wifi aliweka jiko la mkaa karibu na kigoda cha kaka yake. Yeye ribiti hakuzigusa, kaka yake alimkataza kwa sababu macho yake hayaoni vizuri. Akapika, akafua, akamwogesha. Lakini nilimwona anavyoizunguka ile boti jioni, anaipapasa, anakwangua rangi kwa ukucha.

"Wifi," akaniambia, "itaingiaje Kirando imechafuka hivi? Watasema kaka alikuwa anaishi na mbuzi."

"Si kweli alikuwa anaishi nao?"

"Wewe cheka. Mimi ndiye nitakayetazamwa."

Ribiti zikafika mwisho mwanangu alipokuwa amepata ahadi ya injini huko Kirando na nafasi ya kuiweka boti juu ya fuso, akitangulia kushusha maharage. Tukajaza maji tena. Palidondoka mahali pawili tu, karibu na mkuku, ule uti wa chini wa boti. Fundi akasema hapo atapaziba akirudi kutoka mnadani kuuza sufuria zake. Mume wangu alifuta alama zote za mkaa kwa kiganja, moja baada ya nyingine, zikabaki mbili. Usiku ule alikula ugali wote aliopewa. Nilianza kuamini.

Asubuhi alishindwa kupumua. Maji yalikuwa yamepanda mpaka kifuani. Mwanangu akampakia, mimi nikapanda naye, tukaenda hospitali. Wakamlaza, wakamtoboa, wakasema akae awekewe damu. Tukakaa siku kadhaa. Nyumbani akabaki wifi peke yake na mbuzi na ile boti.

Tuliporudi ilikuwa mchana, jua kali lakini baridi. Nilimwona wifi kabla hatujashuka kwenye gari. Alikuwa amesimama getini, amevaa kitenge chake kizuri, mikono ameificha nyuma kama mtoto. Akamsaidia kaka yake kushuka, akamshika kiuno.

"Kaka, fumba macho. Haya, fumbua."

Boti iling'aa. Sijui niiseme namna gani. Yale mabaki ya kijani hayakuwepo, ule uchafu haukuwepo, nje yote ilikuwa nyeupe kama siku ile nilipoiona imesimama Kirando inanisubiri. Mume wangu akaenda mpaka kwenye ubavu, akaweka kiganja.

"Umesugua peke yako?"

"Nani mwingine? Wifi hajui kusugua." Akanitazama ananitania, na nilipocheka akatoa mikono yake. Ilikuwa imechubuka, ngozi ya vidole imevuka, nyekundu. "Nje nimetumia mchanga, bati gumu hilo. Ndani ndiyo kulikuwa na kazi. Yale mafuta hayakubali. Nikayalowesha kwa majivu, nikayashindilia kwenye mbavu zote, nikafunika na magunia mabichi yakae. Kaka, yalichemka! Povu jeusi lilikuwa linatoka. Nikajua yanakula uchafu, nikaongeza."

Fundi alikuwa amerudi kutoka mnadani, aliposikia sauti zetu akaja. Akasimama. Akauliza polepole, kwa heshima, "Mama, majivu gani?"

"Ya jikoni."

"Ya kuni?"

"Ya kuni yaliisha. Nikachukua yale ya kwenye chungu."

Nikageuka nikakitazama chungu changu pembeni ya ghala. Kilikuwa kitupu.

Huku juu, tukishapura maharage, maganda na mabua tunayachoma, majivu yake tunayaweka kwenye chungu. Hayo si ya kusugulia. Unayachuja kwa maji, unapata magadi ya kuivishia mboga na maharage yenyewe. Ni makali. Ukiacha maji yake kwenye sufuria mpaka kesho unakuta sufuria imekuwa nyeusi, na ukirudia inatoboka. Kila mwanamke wa huku anajua, ndiyo maana tunaweka kwenye udongo. Wao ziwani hawalimi maharage ya kuchoma. Majivu yao ni ya kuni, unasugua, unasuuza, basi. Wifi aliona majivu, akaona bati la sufuria. Hakuna wa kumuuliza. Sisi wote tulikuwa hospitalini.

Fundi aliinua ukingo wa gunia. Chini yake kulikuwa na matope meusi yenye vishimo vishimo, yamekaa tangu siku tulipoondoka. Akayakwangua kwa kijiti. Kijiti kikapita. Akakichomoa, akakitazama, akalirudisha gunia kama mtu anayemfunika maiti.

"Nini?" wifi akauliza. "Nini? Mbona hamsemi?"

Mwanangu akasema, "Shangazi, twende ndani ukapake mafuta hiyo mikono."

"Siendi. Nimefanya nini?"

Mume wangu alikuwa ameona kila kitu. "Toeni hayo magunia," akasema. "Suuzeni. Halafu jazeni maji."

"Baba, hakuna haja."

"Jazeni maji."

Tukasuuza, tukajaza. Wifi naye alibeba ndoo, kwa ile mikono. Mume wangu akakaa kwenye kigoda, blanketi mabegani, akatoa mkaa wake mfukoni. Tone la kwanza likaja kwenye ubavu wa tatu, akaliwekea alama. La pili akaliwekea alama. Halafu yakaja kwa mstari, kando ya kila ubavu, kuanzia mbele mpaka nyuma, si matone tena bali nyuzi, na ardhi chini ikaanza kutoa sauti ya mvua. Mkaa ulikuwa bado uko hewani. Akaushusha, akauweka chini kando ya kigoda, vizuri, kama utatumika kesho.

Wifi alianguka magotini kwenye matope yale. Hakulia kwa sauti. Alikuwa anasema tu, "Kaka, nilitaka iingie Kirando inang'aa. Kaka, nilitaka inang'ae."

"Inang'aa, mdogo wangu," akamjibu. "Umesugua vizuri."

Mwanangu alimwomba fundi aweke viraka. Fundi akamwonyesha: ribiti inahitaji bati la kushika, na kando ya mbavu hapakuwa na bati, palikuwa na kitu kinachomeguka kama mkate uliolowa. Mwanangu akasema atatangulia Kirando, atawapigia magoti wenye mitumbwi, atapata mmoja. Baba yake akatikisa kichwa.

"Kila nyumba pale wanajua nilivyomfanyia yule mama. Hutampigia mtu magoti kwa ajili yangu."

"Basi tukupeleke leo, ukiwa hai. Mtu hai hakatazwi."

Tulijaribu hilo, nataka mjue tulijaribu. Tukamweka kwenye kiti cha mbele cha fuso kwa mito na mablanketi. Hatujafika hata pale unapouacha mji, akaanza kutapika damu. Tukageuza. Njiani mwanangu aliendesha polepole mpaka wenye pikipiki wakatupigia honi. Baada ya hapo hakuongelea tena Kirando.

Siku mbili tatu baadaye akamwita fundi. "Ubavu wa kushoto, kuanzia benchi la kati kwenda nyuma, hapo juu. Hapajaguswa na majivu. Umepaona?"

"Nimepaona, mzee."

"Pakate. Urefu wangu na upana wangu. Unipime kabisa."

Fundi akatoa kamba. Akampima nayo mzee akiwa amekaa kwenye kigoda. Kwetu tukishateremsha jeneza tunaweka mbao juu yake, ndipo udongo uingie. Mume wangu alisema mbao wazipeleke kwingine, yeye afunikwe na boti yake.

Alitaka bati likatwe yeye akiwepo. Fundi alitumia msumeno wa chuma, alumini ikalia siku nzima, majirani wakaja kuuliza kuna nini. Lile bati likaegemezwa ukutani kwenye chumba chetu, mkabala na kitanda, na jua la asubuhi likipita dirishani lilikuwa linarudi kutoka kwenye bati na kucheza darini, kama linavyofanya majini. Alilala anatazama dari. Sisi tulikuwa tunapita mbele yake na uji na beseni, tunalikwepa lile bati lisianguke.

Alikufa asubuhi, jua likiwa bado halijafika dirishani.

Ndugu wa ziwani walipiga simu, wakasema mleteni, tutajua huku huku. Mwanangu akawaambia aliyoyasema baba yake. Wengine walikasirika, mmoja mpaka leo hapokei simu yetu. Siku ya kuzika, wanaume wakiwa wameshatoka na jeneza, wifi akasema bati lina alama za vidole vya watu, haliwezi kwenda hivyo. Akalilaza uani. Nikamwona anainama kwenye jiko la mkaa lililozimika, anachota majivu kwa kiganja, kama alivyochota maisha yake yote. Mkono ukasimama. Akayatazama yale majivu muda mrefu. Akakung'uta kiganja kwenye kitenge, akachukua maji matupu na kanga yake mwenyewe, akaliosha hivyo, mbele na nyuma.

Makaburini udongo wa Sumbawanga ulikuwa mkavu, mabonge kama ngumi. Waliteremsha jeneza, wakaweka bati juu yake, likakaa sawasawa. Fundi alikuwa amepima vizuri. Mwanangu akatupa koleo la kwanza.

Ba!

Watu waliruka. Koleo la pili, ba! La tatu, la nne, ba! ba! na kila mtu aliyekuwa pale akawa anatazamana na mwenzake, maana hawajawahi kusikia kaburi likipiga kelele. Mchungaji alinyamaza katikati ya neno. Mimi nilimshika wifi mkono. Ulikuwa na makovu, mgumu. Tulisikiliza sisi wawili, wale wengine hawakujua wanasikiliza nini. Koleo ziliendelea. Sauti ikawa nzito, ikawa ya ndani, ikawa ya mbali. Halafu udongo ukawa mwingi, ikanyamaza.

Mabaki ya boti fundi aliyachukua akayayeyusha. Alituletea sufuria moja. Iko jikoni, hakuna anayeipikia.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka mimi. Wifi yangu anashikilia kwamba bati lilikatwa ubavu wa kulia. Mimi nasema kushoto, kwa sababu ndiko nilikokuwa nakaa na ekseli. Mwanangu anasema mchungaji hakunyamaza, ila upepo ulimziba. Wewe uliyekuwepo, uliyeshika koleo au uliyepita tu getini ukacheka, kama nimekupanga pasipo pako au nimekulisha neno usilolisema, njoo Izia unisahihishe. Ua wetu utautambua, ndio ule mbuzi wanalowa mvua.